Kiyoyozi kipo, lakini rimoti anayo nani?

Likizo ya Desemba ikikaribia, simu za watu wa Dar es Salaam hujaa picha za vitanda. Semadari yenye nakshi, chandarua kimefungwa fundo juu, taulo zimekunjwa umbo la bata, na chini ya picha mstari wa maneno: kiyoyozi, intaneti, maji ya moto, runinga, kifungua kinywa, hatua chache kutoka ufukweni. Bei iko pembeni. Mtu anapitisha kidole, analinganisha nyumba tatu nne za Unguja, kisha anachagua yenye mstari mrefu kwa bei ndogo. Anatuma nusu ya fedha kwa simu na kuwatangazia watoto kwamba safari ipo.

Mstari ule unasomwa vibaya. Kila kitu kilichoandikwa pale kina saa zake na kina mtu wake. Kiyoyozi kina anayekaa na rimoti. Maji yana anayewasha pampu. Chai ina anayeamka kuipika. Nyumba ndogo ya wageni, ile ya vyumba sita au kumi inayouza chumba na chai, haina idara ya ufundi wala zamu za wahudumu. Ina mwenye nyumba, ina kijana wa mapokezi, ina dada wa jikoni, na ina mlinzi ambaye mara nyingi ndiye fundi bomba. Anayetaka kuipima nyumba ya namna hii kabla hajalipa aulize kitu kinafanya kazi saa ngapi, na saa hiyo nani yupo.

Ugumu unaanzia kwenye kuuliza. Sisi tumelelewa kutomvunja mtu moyo, hasa mgeni, hasa mgeni mwenye fedha mkononi. Piga simu nyumba yoyote ya Mji Mkongwe au Jambiani, mazungumzo yatakwenda hivi:

“Habari za saa hizi, kaka. Maji ya moto yapo?”

“Yapo.”

“Umeme ukikatika?”

“Jenereta ipo, dada yangu, usijali.”

“Na intaneti?”

“Ipo, tena kali.”

Kijana hajasema uongo hata mara moja. Jenereta ipo kweli, nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai na inasubiri petroli. Intaneti ipo, na ukishuka mapokezi utaipata. Umemuuliza kama kitu kipo, akakujibu kwa adabu. Sasa jaribu kumuuliza swali lisilojibika kwa neno moja: “Kaka, nikitaka kuoga saa 12 asubuhi, hita inawashwa na nani?” Atanyamaza kidogo. Anaanza kuikumbuka nyumba, si tangazo. “Saa 12? Hita tunawasha saa 1, dada. Ila mkituambia usiku, mlinzi atawasha.” Hapo umepata kitu cha kufanyia kazi: mtu anayewasha, wakati wa kumwambia, na picha ya jinsi nyumba inavyoendeshwa. Nyumba ambayo kijana wake hawezi kabisa kujibu swali la namna hii haina anayeijua, hata ikiwa na marumaru mpaka darini.

Tuanze na umeme, kwa sababu ndio unaobeba nusu ya orodha. Unguja hupata umeme wake kutoka bara, kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mei 2008 njia hiyo ilipata hitilafu na kisiwa kikakaa gizani takriban mwezi mzima. Desemba 2009 ikatokea tena, na safari hii giza likaendelea hadi Machi 2010, katikati ya msimu wa wageni. Waya mpya wenye uwezo mkubwa zaidi ulianza kazi mwaka 2013 na hali ikawa nyingine. Lakini ile miezi ya giza ilizifundisha nyumba za wageni kununua jenereta, na hapo ndipo zilipojifunza pia kwamba jenereta ni mdomo unaokula faida. Ndiyo maana katika nyumba nyingi ndogo jenereta huendesha taa, friji na pampu ya maji, basi. Kiyoyozi hakimo. Na jenereta haiwashwi papo hapo umeme unapokatika. Huwashwa baada ya mwenye nyumba kupiga simu na kuambiwa umeme utarudi lini. Swali lenyewe, kwa hiyo: jenereta yenu inavuta nini, na usiku inazimwa saa ngapi?

Kuhusu kiyoyozi niseme wazi kwamba nawaelewa wenye nyumba. Umeme wa kulipia kabla unaonekana ukiisha; mita ya LUKU bara au ya TUKUZA Zanzibar haina huruma, na mgeni anayefungua dirisha na kiyoyozi kikiwa kinaunguruma anakula vyumba viwili kwa bei ya kimoja. Ndipo ukazuka utaratibu wa rimoti kukaa mapokezi. Unaitaka, unaongeza elfu kadhaa kwa usiku. Sioni ubaya wa utaratibu huo. Ubaya ni kuuficha, mtu akauona akiwa ameshashusha mabegi na watoto wana jasho.

Isitoshe, kiyoyozi kimepewa cheo kisichostahili. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa, na chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana hupitisha hewa vizuri ajabu. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo unatoka kaskazini mashariki; kusi likiingia katikati ya mwaka, unageuka na kutoka kusini mashariki. Chumba kilekile kinaweza kuwa pepo Julai na tanuri Januari. Hakuna tangazo linalosema chumba kimeelekea wapi. Mwenye nyumba anajua, kwa sababu yeye mwenyewe huhamia upande wa pili. Muulize yeye analala wapi Januari.

Na kama ni feni, muulize inakaa wapi. Pangaboi likiwa darini na chandarua cha duara kikining’inia chini yake, upepo hupungua sana ukifika kitandani, nawe unalala ndani ya hema la nailoni ukisikia upepo unaowapita wengine. Chandarua cha pembe nne chenye nafasi, kinachofika chini ya godoro pande zote, na feni ya kusimama inayopuliza kutoka ubavuni, hivyo viwili vina thamani kuliko kiyoyozi kinachodondosha maji juu ya mto. Wapiga picha wa matangazo hupenda chandarua kikiwa kimefungwa. Omba picha kikiwa kimeshushwa. Tundu halijifichi kwenye chandarua kilichoshushwa.

Maji nayo yana hadithi ndefu. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Michamvi kushuka Paje, Jambiani hadi Makunduchi, ardhi ni mwamba wa matumbawe na visima vingi vina maji ya chumvichumvi. Sabuni haitoi povu, nywele zinakuwa ngumu, na mtoto mwenye ngozi laini anajikuna. Nyumba nyingine huvuta maji ya bomba, nyingine hununua maji matamu kwa gari, nyingine huchanganya. Hakuna kosa katika hilo. Mwamba haukuwekwa na mwenye nyumba. Lakini “maji saa 24” kwenye tangazo hayakuambii ni maji gani. Uliza kama ya bafuni yana chumvi, na kama kuna ndoo ya maji matamu ya kumalizia kuoga. Nyumba nzuri huwa nayo, na hujibu swali hilo bila kuona haya.

Kisha uliza simtanki ni ngapi kwa vyumba vingapi. Umeme ukikatika pampu inasimama, na kuanzia dakika hiyo nyumba nzima inaishi kwa kilichomo juu ya paa. Tanki moja la lita 1,000 kwa vyumba vinane vilivyojaa watu waliotoka baharini wakiwa na mchanga mpaka masikioni ni hesabu ya jioni moja. Wa ghorofa ya juu hukosa kwanza.

Maji ya moto, ambayo kila tangazo huyataja, ndiyo ninayoyajali kidogo kuliko yote nikiwa pwani. Paje mwezi Januari tanki jeusi linaloota jua hupasha maji bila hita yoyote, na saa 10 alasiri tatizo ni kupata ya baridi. Mistari hii ya huduma iliandikwa kwa kumfikiria msafiri anayetoka nchi ya theluji, nasi tukaiokota bila kuipima upya. Lakini panda Lushoto. Mji uko kwenye milima ya Usambara, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku ni wa kukunjia miguu. Huko maji ya moto ni nusu ya bei ya chumba. Huko pia nyumba nyingi ndogo hazipashi kwa umeme; hupasha kwa kuni, pipa juu ya moto uani, na maji yanakuwa tayari kwa sababu kuna kijana aliyeamka saa 11 alfajiri kukoka. Siku kijana huyo akienda kwao msibani, nyumba nzima inaoga baridi. Kwa hiyo unayeuliza habari za maji ya moto Lushoto, uliza habari za kijana. Na uliza blanketi ni ngapi kwa kila kitanda, maana la pili hutolewa kwa aliyeomba mapema.

Kuna vitu ambavyo orodha haivitaji kabisa, na kwa msafiri wa kwetu ndivyo vya kwanza. Chooni kuna bomba la mkono, au hata kopo? Nimeona nyumba zilizojisifia mashine ya kukaushia nywele na sabuni za kunukia, na chooni mna karatasi peke yake. Kibla kimeonyeshwa? Kuna mswala wa kuazima? Mgeni wa Kiislamu anayefika saa ya Isha hapaswi kuzunguka barazani na dira ya simu. Nyumba zinazoendeshwa na watu wa mji wenyewe hazihitaji kuulizwa haya. Zile zilizonunuliwa na wageni na kupambwa kwa nakshi za Kizanzibari huwa na mlango wa miiba ya shaba mbele na choo kisicho na maji nyuma.

Ngazi. Nyumba za Mji Mkongwe zimesimama wima, ngazi zake ni nyembamba na zina mwinuko mkali, na chumba cha bei nafuu ndicho cha juu kabisa. Mama yangu ana magoti ya miaka sabini na kitu. Kwake huduma muhimu kuliko zote ni namba ya ghorofa, na hiyo haimo kwenye tangazo lolote nililowahi kuliona. Magari nayo hayaingii vichochoroni, kwa hiyo uliza begi litabebwa na nani kutoka barabarani. Lamu ndiyo kabisa: ndege inatua kisiwa cha Manda, unavuka kwa boti, na ukifika gatini hakuna teksi, kuna punda na kuna vijana wengi wanaojua nyumba yenye kamisheni nzuri kuliko yako. Nyumba inayosema “atakuja mtu wetu gatini, jina lake fulani, amevaa kikoi cha kijani” imekupa huduma kubwa kuliko runinga ya ving’amuzi viwili.

Sauti nitazipita haraka. Mji Mkongwe una misikiti mingi na adhana ya alfajiri ni sehemu ya mji, anayeichukia asiende. Kinachosumbua ni pikipiki kwenye kichochoro na baa ya jirani mwezi Februari wakati wa tamasha la Sauti za Busara, ambapo bei za vyumba nazo hupanda. Chumba cha ndani kinachoangalia ukuta wa jirani kina kiza lakini kina usingizi. Kila mtu achague lake.

Bahari yenyewe ina ratiba, na “hatua chache kutoka ufukweni” ni maneno ya kweli yanayopotosha kuliko yote. Paje na Jambiani maji hutoka mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, hurudi nyuma zaidi ya kilomita moja kuelekea kwenye mwamba. Kinachobaki mbele ya chumba chako ni mchanga, majani, viumbe wa baharini wenye miiba inayochoma, na kina mama wanaohudumia mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989. Ni mandhari ya kupendeza. Lakini huogelei. Siku za maji mafu tofauti hupungua, na upande wa Nungwi na Kendwa maji hayatoki mbali hivyo. Mtu anayewapeleka watoto kuogelea kwa siku tatu tu angetazama kwanza mwezi, ndipo atazame bei. Mvuvi yeyote atamweleza, na mwenye nyumba pia, kama ataulizwa hivi: “Jumamosi ya tarehe hiyo, maji yanajaa saa ngapi?”

Nimefika kwenye chai, na hapa nitakaa.

Godoro hununuliwa mara moja, likakaa miaka. Kiyoyozi hufungwa mara moja. Chai hupikwa upya kila kunapokucha, na kwa hiyo ndiyo huduma pekee kwenye orodha isiyoweza kuishi kwa sifa za mwaka jana. Ukitaka kujua nyumba ina watu wa namna gani, uliza habari za chai yake kuliko habari za vyumba. Hata malazi ya mtandaoni yalianza na kifungua kinywa: mwaka 2007, mjini San Francisco, Brian Chesky na Joe Gebbia walitandika magodoro ya upepo sebuleni mwao, wakawapa wageni malazi na kifungua kinywa ili wapate kodi ya nyumba. Ndipo ilipozaliwa Airbnb. Leo nyumba nyingi zinazokodishwa kwa njia hiyo hazikupikii chochote. Unakabidhiwa namba za kufungulia mlango na orodha ya visanduku vyenye alama ya tiki. Mwenyeji alipoondoka jikoni, ukaondoka pia uwezekano wa kumuuliza yeye analala wapi Januari.

Nyumba zetu ndogo bado zina jiko, na jiko hilo lina tabia ya ajabu. Unapanda darini, juu ya mapaa ya mabati na minara, kunguru wamejipanga ukutani wakiitazama sahani yako (waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na tangu hapo hawajawahi kukosa kifungua kinywa). Unaletewa slesi mbili za boflo zilizokaushwa, yai, siagi ya kipakiti, vipande vya papai na nanasi, na chupa ya maji ya moto yenye kifuko cha majani pembeni. Harufu ya mkate wa ufuta inapanda kutoka kichochoroni. Hatua ishirini kutoka mlangoni bi mkubwa mmoja anauza vitumbua, jirani yake ana mandazi na maharage ya nazi, na chini kabisa, jikoni, wafanyakazi wa nyumba wanakunywa chai ya tangawizi na chapati. Mgeni aliyetoka Tabata, aliyekua kwa chapati na chai ya maziwa, anatafuna slesi kavu kwa sababu kuna mtu aliamua kwamba mgeni ni mgeni wa aina moja.

Wenye nyumba hujitetea kwamba Wazungu ndio wanaotaka mkate na yai. Inawezekana. Nimeshuhudia Wajerumani wakiacha yai lao na kushuka kichochoroni kununua vitumbua kwa kuonyesha kidole. Na hata kama ni kweli, nyumba inayonunua mkate wa bi mkubwa wa jirani inapika chai bora kwa gharama ndogo kuliko inayotuma mtu dukani kununua jamu ya pakiti, na fedha inabaki mtaani. Lamu na Mombasa wamelielewa hili zaidi: mahamri na mbaazi za nazi huja mezani bila kuombwa. Kwa hiyo nikipiga simu huuliza: “Kesho asubuhi mtapika nini?” Anayejibu “chai kamili” hajui. Anayejibu “kesho Ijumaa, yule mama wa mkate wa kumimina huja” amenipata mteja.

Saa za chai zina madhara ya kifedha. Nyumba nyingi huanza saa 2 asubuhi, au saa mbili na nusu kama mpishi anatoka mbali. Boti ya asubuhi ya kurudi Dar es Salaam inaondoka saa 1. Siku ya kuondoka, kwa hiyo, umelipia chai usiyoinywa, familia nzima. Omba mapema wakufungie: mayai ya kuchemsha, mandazi, ndizi. Nyumba zenye moyo hufunga bila kuombwa. Mpishi huacha mfuko mezani usiku na kumwachia mlinzi maagizo.

Mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka. Anayefunga anahitaji daku, wala si chai ya saa 2, na mwenye watoto wadogo au mgonjwa anahitaji kujua chakula cha mchana kitatoka wapi wakati migahawa mingi ya Mji Mkongwe imefungwa. Nyumba inayoendeshwa na watu makini hukuuliza yenyewe, siku ile ile unapoweka nafasi: mnafunga? mko wangapi? Daku mletewe chumbani au mtashuka? Maswali matatu, na tayari najua nimefika kwa watu.

Kwenye bei, uliza kama ni ya kichwa au ya chumba, maana picha ya kitanda kikubwa haisemi. Uliza mtoto anaanza kulipiwa umri gani, na kama chai yake imo. Uliza bei ya mkazi. Ipo katika nyumba nyingi lakini haijitokezi yenyewe. Tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bei za bidhaa na huduma nchini kutangazwa au kudaiwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa shughuli chache zilizotajwa, kwa hiyo ukitajiwa dola na wewe ni Mtanzania unayelala Tanzania, omba shilingi bila aibu.

Na sisi wageni tujisemee. Tunapunguziwa bei ya watu wawili, tunafika sita na godoro letu. Tunapika dagaa chumbani kwa jiko la umeme kisha tunalalamika kwamba swichi imeruka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayelipa hapewi jembe, lakini hilo halimpi ruhusa ya kuivunja nyumba. Nyumba ya vyumba saba haiwezi kuwa hoteli, na anayetaka mtu wa kumpigia simu saa 8 za usiku aletewe mchemsho aende akalipe hoteli. Mimi huvutiwa zaidi na nyumba inayosema haina. Niliwahi kuambiwa na mzee mmoja wa Jambiani kwa simu: “Kiyoyozi sina, mwanangu. Runinga sina. Upepo ninao na samaki ninao.” Alichosema ndicho nilichokikuta, mpaka kiasi cha upepo.

Serikali ina njia yake ya kupima. Hoteli hupangiwa nyota kwa vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Zanzibar ina Kamisheni yake ya Utalii inayotoa leseni na kukagua. Nyota zina kazi yake, lakini ukaguzi wa siku moja huona kitu kama kipo. Hauoni saa zake. Hita iliyo ukutani siku ya mkaguzi ni hita, hata isipowashwa mpaka mwakani. Na nyumba ndogo ambazo ndizo familia ya Kitanzania au ya Kikenya inazimudu mara nyingi hazifiki hata kwenye nyota ya kwanza, kwa hiyo msafiri anabaki na mstari wa tangazo na picha.

Ningependa leseni ya nyumba ya chumba na chai iambatane na karatasi moja ya lazima, ibandikwe mapokezi na irudiwe kwenye kila tangazo: maji yanatoka wapi na yana chumvi au hayana, jenereta inavuta nini na inazimwa saa ngapi, chai ni kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, kila chumba kiko ghorofa ya ngapi, kiyoyozi kimo kwenye bei au hakimo. Haihitaji mtaalamu. Mwenye nyumba ataiandika kwa mkono wake, na mkaguzi atakuja kuihakiki kwa kulala usiku mmoja badala ya kupita na daftari saa 5 mchana. Wenye nyumba watalalamika kwamba umeme si wao na mwamba si wao. Ni kweli. Lakini saa ya kuwasha jenereta ni yao, na hiyo ndiyo ninayotaka iandikwe.